Juu Kule, Cazaly: Kazi Iliyokuwa Ndani ya Kelele Moja

Waheshimiwa wazazi na walezi, makocha mnaojitolea kila wikendi, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma na viatu vyenye matope, hamjambo.

Kila mmoja wenu aliyeishi Melbourne zaidi ya msimu mmoja ameshausikia wimbo wa "Up There Cazaly", yaani "Juu Kule, Cazaly", wimbo wa futiboli ya Australia. Watoto wenu wanaujua kuliko nyinyi. Ila ukimuuliza mtoto huyo Cazaly alikuwa nani, atakuambia alikuwa mchezaji wa zamani, basi. Leo tumjue vizuri zaidi ya hapo.

Roy Cazaly alizaliwa tarehe 13 Januari 1893 katika mitaa ya Albert Park, hapo hapo mnapopajua kwa magari ya Formula 1 yanayozunguka ziwa. Alicheza futiboli hiyo katika ligi kuu ya Victoria kati ya 1911 na 1927: mechi 198, magoli 167. Mechi 99 akiwa na St Kilda, na nyingine 99, sawasawa kabisa, akiwa na South Melbourne. Hakuwahi kutwaa ubingwa wa ligi hiyo. Hakuwa jitu. Hata hivyo jina lake likawa kelele ya taifa zima, na mimi nasema sababu yake iko ndani ya kelele yenyewe, tukiisikiliza kama ilivyosikika siku ya kwanza.

"Juu kule, Cazaly!" Maneno hayo yalitoka kwa mwenzake wa South Melbourne, Fred Fleiter, ambaye kila mtu alimwita Skeeter. Fleiter hakuwa anamsifu. Alikuwa anampa taarifa ya kazi: mpira uko hewani, wapinzani nimewazuia, ruka sasa. Watazamaji waliisikia mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, mwisho wakawa wanaipiga wao. Lakini kwanza ilikuwa lugha ya watu wawili walio kazini, kama vile wavuvi wanavyoitana wakati wa kuvuta jarife.

Ili tuelewe kazi hiyo, nipitie haraka mchezo wenyewe kwa wazazi ambao bado wanakaa pembeni wakipiga makofi bila kujua kwa nini. Uwanja ni wa umbo la yai. Kila upande una watu 18. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne zilizosimama: mpira ukipita kwa teke kati ya mbili za katikati ni goli, pointi 6, ukipita kati ya nguzo ya ndani na ya nje ni pointi 1. Ndiyo maana mnaona matokeo yameandikwa 10.12 (72), yaani magoli 10, pointi moja moja 12, jumla 72. Hakuna kuotea. Mpira unapigwa teke au unapigwa kwa ngumi kutoka kwenye kiganja cha mkono wa pili. Kuurusha kwa mkono ni kosa. Na kuna maki: ukidaka mpira uliopigwa teke, kabla haujagusa chini wala mtu mwingine, unapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Siku hizi teke hilo lazima liwe limesafiri angalau mita 15.

Kwa hiyo mtu anayedaka juu ya vichwa vya wengine anafanya mambo mawili kwa mpigo. Anawanyima wapinzani mpira, na anasimamisha mchezo kwa faida ya timu yake.

Sasa turudi ziwani. Mnapajua pale. Upande wa kusini, karibu na makutano ya barabara ya St Kilda, kuna kiwanja cha Junction Oval, ambako leo wanacheza kriketi. Ndiko St Kilda ilikokuwa nyumbani. Upande wa kaskazini kulikuwa na Lake Oval, nyumba ya South Melbourne, mahali ambapo leo kuna uwanja wa riadha na soka. Mtu anatembea kutoka kimoja hadi kingine kwa miguu. Maisha yote ya Cazaly kama mchezaji wa ligi kuu yalikuwa kando ya ziwa hilo moja.

Aliingia St Kilda mwaka 1911 kwa mlango wa ajabu. Klabu ile ilikuwa na historia ya kusikitisha. Ligi ilipoanza mwaka 1897, St Kilda ilipoteza mechi zake 48 za kwanza mfululizo. Mwaka 1911 kukazuka ugomvi kati ya wachezaji na kamati, wachezaji wengi wa kikosi cha kwanza wakagoma, na klabu ikalazimika kukusanya vijana wasiojulikana ili isishindwe kufika uwanjani. Mmoja wao alikuwa Cazaly, miaka 18. Mwaka huo huo ndipo ligi iliporuhusu rasmi wachezaji kulipwa. Kabla ya hapo malipo yalikuwepo, ila chini ya meza.

Alijikuta pamoja na watu wakubwa wa maumbo. Dave McNamara alikuwa na kimo cha zaidi ya sentimita 190 na teke lililozungumzwa nchi nzima. Vic Cumberland alikuwa mrukaji wa kutisha, mtu wa nguvu ambaye alirudi baada ya vita na kucheza mwaka 1920 akiwa na miaka 43, na mpaka leo hakuna aliyecheza ligi hiyo akiwa na umri mkubwa kuliko huo. Cazaly alikuwa na sentimita 180 na kilo kama 80. Kwa mtaani ni mtu mrefu kiasi. Kwa kazi aliyoitaka, alikuwa mfupi.

Kazi hiyo mimi nitaiita ya mrukaji. Zamani zile kila timu ilikuwa na watu watatu wasio na kituo: warukaji wawili na mwokotaji mmoja. Walifuata mpira kila ulikokwenda, bila mapumziko ya benchi tunayoyaona leo. Refa alikuwa anaudunda mpira chini kwa nguvu katikati ya uwanja, unapaa wima, warukaji wa timu mbili wanaupandia, na anayeufikia kwanza anausukuma kwa vidole au kiganja kwenda kwa mwokotaji wake anayepita chini kwa kasi. Vivyo hivyo mpira unapotoka nje: msimamizi wa mstari anageuka, anaupa uwanja mgongo, anautupa juu kupita kichwa chake, warukaji wanaupandia tena. Hesabu mara ngapi jambo hilo linatokea katika robo nne za mchezo, kwenye matope, mkisukumana vifua. Wanaoona picha za maki za Cazaly wanasahau kwamba sehemu kubwa ya jasho lake ilimwagika hapa.

Mfupi anamshindaje mrefu katika jambo hili? Hapa naomba makocha wanisikilize.

Mrefu anayeruka akiwa amesimama anafika mahali fulani. Mfupi anayekuja na mwendo anaweza kufika juu zaidi, mradi mwendo wake wa mbele ugeuke kuwa wa juu. Kugeuka huko kunafanyika katika hatua mbili za mwisho. Ile ya kabla ya mwisho huwa ndefu kidogo, na kiuno kinashuka. Ya mwisho huwa fupi na ya haraka, mguu unatua mgumu mbele kidogo ya mwili, na mwili unapanda juu yake kama mruka kwa upondo anavyopanda juu ya upondo wake. Wakati huo huo goti la mguu wa pili linapandishwa kwa nguvu, na mikono yote miwili inakwenda juu. Goti lile lina kazi mbili: linaongeza mwinuko, na linamkinga mrukaji dhidi ya mwili wa anayemjia.

Kosa la kawaida la mtoto ni kufanya hatua ya mwisho kuwa ndefu. Anavuta mguu mbele, mwendo unakatika kama breki, anaruka sentimita kumi. Kosa la pili ni kuwahi. Kilele cha mruko ni kitambo kifupi mno. Aliyeruka mapema anaanza kushuka wakati mpira ndio kwanza unafika, na akishakuwa hewani hana namna ya kujirekebisha. Aliyechelewa kidogo bado anaweza kuupiga mpira ngumi ukaenda zake. Kwa hiyo ukilazimika kukosea, chelewa.

Mikono nayo. Vidole vinafunguka, vidole gumba vinakaribiana nyuma ya mpira mpaka viganja vinatengeneza umbo kama herufi W. Mpira unadakwa mbele na juu ya paji la uso, macho yakiuona hadi unapogusa ngozi. Mikono ikiachana, mpira wa umbo la yai unapita katikati na kukugonga pua. Mikono ikiwa migumu kama mbao, unadunda na kumwangukia mpinzani. Ukiungoja ufike kifuani umeshampa mpinzani nusu mita nzima ya kukunyang'anya. Na kumbukeni mpira wa enzi za Cazaly ulikuwa wa ngozi isiyo na kinga ya maana dhidi ya maji. Katika majira ya baridi ya Melbourne, kufikia robo ya tatu, ulikuwa umekunywa maji, mzito na wenye utelezi wa sabuni. Mtu aliyeudaka mpira huo kwa ncha za vidole, akiwa hewani, alikuwa fundi.

Cazaly alikuwa na jambo lake jingine ambalo watu wamelizungumza sana: pumzi. Alivuta hewa nyingi kifuani wakati anaruka, na aliamini kwamba hewa hiyo ndiyo inayomwinua. Tuseme ukweli kwa heshima. Hewa iliyo kifuani haimwinui mtu. Mapafu yaliyojaa hayamfanyi mwanadamu kuwa puto. Lakini zoea lake lilikuwa na faida ya kweli, ila kwa sababu nyingine. Mtu akivuta pumzi na kuibana, tumbo na kiwiliwili vinakuwa vigumu, na nguvu ya miguu inapanda moja kwa moja bila kupotea kiunoni. Mbeba gunia bandarini anafanya hivyo hivyo kabla ya kuinuka. Pia kiwiliwili kigumu kinastahimili bega la mpinzani hewani. Na la tatu, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: pumzi ilikuwa saa yake. Mtu anayevuta pumzi kila mara katika hatua ile ile ya mwisho hawezi kuruka ovyo, ameshajiwekea alama. Alikosea maelezo, lakini mwili wake ulikuwa sahihi.

Na mwili huo aliufundisha wapi? Kwenye kibanda cha nyumbani. Aliutundika mpira darini akawa anaurukia, tena na tena. Hapakuwa na mashine wala chumba cha mazoezi. Hakuvuta sigara, pombe alikunywa kwa nadra, na alijali sana chakula na viungo vyake, katika zama ambazo mchezaji kuvuta sigara wakati wa mapumziko halikuwa jambo la kushangaza. Baadaye maishani alifanya kazi ya kukanda na kutibu viungo vya watu, na aliwafundisha farasi wa mbio. Ukiitazama orodha hiyo utaona ni kazi moja: misuli, kano, mifupa, jinsi kiumbe anavyokwenda.

Mpira uliotundikwa unafundisha nini, na haufundishi nini? Unafundisha hatua za mwisho, kunyoosha mkono hadi mwisho, kushika, na kutua. Haufundishi kusoma mpira unaokuja, kwa sababu wenyewe umetulia. Mtoto anayefanya zoezi hilo peke yake atakuwa na mruko mzuri mahali pasipo na mpira. Cazaly alikuwa na mazoezi ya kibandani na mechi ya Jumamosi, na kimoja kilitegemea kingine.

Kuna sehemu ya tatu ya ufundi wake ambayo wimbo hauitaji kabisa, nayo inaniuma kuona imesahauliwa. Alipodaka aliweza kujigeuza angali hewani, akatua akielekea golini, na kupiga teke refu la karibu mita 60. Alikuwa na mateke ya aina mbili ya kuchagua. La kwanza, mpira unaachwa kutoka mkononi na kupigwa kabla haujagusa ardhi. La pili, ambalo sasa limetoweka kwenye ligi, mpira unapigwa papo hapo unapogusa ardhi. Ukifanikiwa unakwenda umenyooka na chini chini, rahisi kwa mwenzako kuudaka. Ubaya wake ni kwamba unahitaji ardhi iliyo sawa na muda zaidi. Ardhi yenye mashimo inaupotosha mpira mbele ya mguu, na mchezo ulipoongeza kasi, muda huo haukuwepo tena.

Vita Kuu ya kwanza ilikata maisha ya wote. Mwaka 1916 ligi ilibaki na timu nne tu, na St Kilda haikucheza mwaka huo wala 1917. Ilirejea 1918, na Cazaly pamoja nayo, mpaka 1920. Kisha akahamia ng'ambo ya pili ya ziwa, South Melbourne, timu ya jezi nyeupe yenye mkanda mwekundu kifuani.

Ndipo kundi la watatu likakamilika: Cazaly, Fleiter, na mwokotaji Mark Tandy, mdogo wa mwili na mwepesi, aliyekuwa tayari bingwa na South Melbourne tangu 1918. Igaweni kazi yao mtaiona. Fleiter anajiweka kati ya mrukaji wa wapinzani na mahali mpira utakapoangukia. Hamshiki mtu, kwa sababu kumshika asiye na mpira ni kosa. Anaweka mwili wake, bega na nyonga, na sheria inaruhusu hivyo mpira ukiwa karibu. Yeye ndiye anayeona pande zote, kwa kuwa hatazami juu. Cazaly anatazama juu tu, haoni kitu kingine. Kwa hiyo yule aonaye anamwambia yule asiyeona: juu kule, Cazaly. Tandy naye akisikia kelele hiyo anajua mpira utashuka wapi, na ameshaanza kukimbia kabla haujaguswa. Maneno matatu, watu watatu, na kila mmoja ana cha kufanya akiyasikia.

Mtaniwia radhi nikisisitiza hapa. Mara nyingi tunawafundisha watoto kumshangilia anayeruka. Fleiter hana sanamu wala wimbo. Bila bega lake, Cazaly angekuwa anaruka katikati ya msitu wa viwiko. Mzazi ukiwa pembeni Jumamosi, mtazame mtoto anayezuia njia, umtaje kwa jina lake asikie.

Msidhani kila kitu kilimnyookea. Mwaka 1922 alifanywa kuwa kocha huku akiendelea kucheza. Timu zilikuwa tisa. South Melbourne ikamaliza ya tisa. Kuwa mrukaji na kocha kwa wakati mmoja ni kazi inayogongana yenyewe: mtu ambaye macho yake yako angani mchana kutwa hawezi kuona kwamba upande wa kushoto wa uwanja umeachwa wazi. Hapakuwa na wasaidizi wala mjumbe wa kukimbia na maagizo. Aliachia ukocha, akaendelea kucheza hadi 1924, kisha akaenda Minyip, mji mdogo wa wakulima wa ngano magharibi mwa Victoria, kuwafundisha huko mwaka 1925. Klabu za vijijini zilikuwa na uwezo wa kumlipa mtu mwenye jina.

Mwaka huo huo wa 1925 sheria ikabadilika kwa namna iliyowagusa warukaji wote. Mpira ukitoka nje haukutupwa tena ndani. Upande wa aliyeugusa mwisho uliadhibiwa, wapinzani wakapewa teke huru. Lengo lilikuwa kuharakisha mchezo na kupunguza msongamano wa mistarini. Matokeo yake nusu ya ofisi ya mrukaji ilifungwa. Cazaly aliporudi South Melbourne mwaka 1926, akiwa na miaka 33, alikuta kazi aliyoijua imepungua. Bado alicheza misimu miwili. Ukitazama hesabu zake utaona jambo: magoli 38 katika mechi 99 za St Kilda, magoli 129 katika mechi 99 za South Melbourne. Aliyeanza kama mtu wa kupandia mipira katikati ya uwanja alikuwa pia mfungaji wa kuogopwa mbele ya nguzo.

Kuanzia 1928 alikuwa Tasmania, kwanza Launceston na baadaye Hobart, akicheza na kufundisha kwa miaka mingi, isipokuwa msimu mmoja wa 1931 aliporudi Victoria na klabu ya Preston. Tasmania ndiyo ikawa kwao. South Melbourne walimwita tena kuwa kocha mwaka 1937. Ulikuwa urithi mgumu: timu ilikuwa imecheza fainali kuu nne mfululizo, 1933 hadi 1936, ikishinda ile ya 1933, na wachezaji waliobeba mzigo huo walikuwa wamechoka au wamezeeka. Mwaka 1938 wakamaliza wa mwisho. Anayepokea timu iliyokula ujana wake halipwi kwa kazi anayoifanya. Hupimwa kwa sifa za waliomtangulia.

Lakini jicho lake la ukocha halikuwa bovu, na Hawthorn ni shahidi. Alipoichukua mwaka 1942 ilikuwa klabu ya mkiani, na msimu huo ilibaki mkiani. Mwaka 1943 ilipanda hadi nafasi ya tano, ikakosa kuingia nne bora kwa tofauti ya asilimia ya pointi tu. Ndipo alipoona kwamba jina la utani la klabu lilikuwa laini. Wachezaji waliitwa kwa jina la maua ya mti ule wa Hawthorn. Cazaly akasema waitwe mwewe. Leo mtoto wako akivaa jezi ya kahawia na dhahabu yenye ndege mkali, anavaa pendekezo la Roy Cazaly.

Mwaka 1941, kati ya kazi hizo, alicheza mechi za ligi ya pili na klabu ya Camberwell akiwa na miaka 48. Miguu iliyotunzwa ilikuwa bado inakubali.

Kelele yake wakati huo ilikuwa imeshatoka uwanjani. Wanajeshi wa Australia waliopigana Afrika Kaskazini katika Vita ya Pili waliipiga wakienda mashambulizini, wengi wao wakiwa vijana ambao hawakuwahi kumwona akicheza. Cazaly alifariki Hobart tarehe 10 Oktoba 1963. Wimbo ukaja mwaka 1979, umetungwa na Mike Brady kwa ajili ya kutangaza mechi za televisheni, ukashika namba moja nchini. Na ukumbi wa heshima wa mchezo huu ulipofunguliwa mwaka 1996, yeye alikuwa mmoja wa magwiji 12 wa kwanza kabisa.

South Melbourne yenyewe ilihamia Sydney mwaka 1982, ndiyo Sydney Swans ya leo. Katika klabu hiyo hiyo, mwaka 2016, alianza kucheza kijana aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya: Aliir Aliir, wa wazazi wa Sudan Kusini. Wengi hapa mnaijua Kakuma kwa vumbi lake, hamhitaji maelezo. Baadaye alihamia Port Adelaide, na mwaka 2021 aliteuliwa katika kikosi bora cha nchi nzima. Sifa yake kubwa? Kusoma mpira wa wapinzani, kuupandia, na kuudaka juu ya vichwa vyao.

Nimalizie na kile mlichokuja nacho moyoni, yaani mtoto afanye nini nyumbani. Hahitaji kibanda. Tawi imara linatosha, au boriti ya gereji. Weka mpira kwenye wavu wa kubebea vitunguu, uufunge kwa kamba isiyovutika kama raba, maana raba itaurudisha usoni. Msimamishe mtoto chini yake, anyooshe mikono yote miwili, kisha mpira ukae juu ya ncha za vidole kwa kiasi cha kiganja kimoja. Mpe nafasi ya kukimbia hatua tano au sita. Chini pawe na nyasi au udongo laini, kamwe si saruji. Aruke mara kumi kwa mguu anaoupenda, apumzike, kisha mara kumi kwa mguu mwingine, kwa sababu mpira wa Jumamosi hauulizi mguu. Atue kwa miguu miwili, magoti yakikunjika na yasielekee ndani. Goti linalotua limenyooka au limepinda kwa ndani ndilo linalokatika kano. Akishaugusa mara zote kumi bila kujikaza, pandisha kamba kwa upana wa vidole viwili tu.

Halafu mwiteni ndugu yake asimame kando, atupe mpira mwingine juu kwa mkono, na apige kelele wakati wa kuruka. Asitaje jina la Cazaly. Ataje la mtoto.